Mizizi Safi kwa Gharama Nafuu: Kazi ya Vimeng'enya vya Bwawani na Mipaka Yake

Mada ya huduma za ugani kwa wakazi wa kata wanaolima mboga bila udongo

Kilimo cha mboga kisichotumia udongo, ambacho wengi hukiita haidroponiki, kimekwisha kuingia katika nyua za mijini na vijijini. Penye uwanja finyu, penye ardhi ya chumvi, au penye nyumba ya kupanga isiyo na bustani, mwananchi huweza kuotesha saladi, spinachi, chainizi na giligilani ndani ya ndoo, beseni au bomba la plastiki lenye maji yaliyotiwa virutubisho. Kazi hii haidai jembe wala ekari; hudai maji safi, kivuli, mbegu bora na uangalizi wa kila siku.

Wapo wanaoianza kwa akiba zao, na wapo wanaoianza kwa mkopo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo usio na riba ni nafuu kubwa, lakini bado ni mkopo, na marejesho yake hayangoji mboga ipone. Saladi iliyotunzwa vizuri huwa tayari kwa sokoni baada ya wiki tano au sita hivi tangu miche ihamishwe. Ikianguka katika wiki ya tatu, mbegu, virutubisho na jasho vimekwisha kwenda, na siku ya marejesho inabisha hodi. Aghalabu kinachoiangusha hakionekani juu ya beseni. Kiko chini, kwenye mizizi.

Mada hii inahusu njia moja nafuu ya kuitunza mizizi hiyo, nayo ni matumizi ya vimeng'enya vinavyouzwa kwa ajili ya kusafisha mabwawa ya samaki. Njia hii ina faida ya kweli, lakini ina mipaka. Na anayeijua mipaka hiyo kabla ya kufungua mkoba ndiye atakayeifaidi. Kwa ufupi, kimeng'enya ni mfagiaji, si tabibu.

Mzizi nao hupumua

Mnamo mwaka 1937 William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, alilitangaza jina la haidroponiki kwa ajili ya kilimo hiki. Mwaka uliofuata, wataalamu wawili wa chuo hicho hicho, Dennis Hoagland na Daniel Arnon, walichapisha maelezo ya mchanganyiko wa virutubisho ambao hadi leo ni msingi wa mengi yanayouzwa madukani. Tangu siku hizo ilifahamika kwamba mmea unaokua majini huhitaji vitu vitatu chini ya shina lake: maji, chakula na hewa. Wakulima wengi wapya huyakumbuka mawili ya kwanza na kuisahau hewa.

Mzizi hupumua kama kiumbe kingine chochote. Huivuta oksijeni iliyoyeyuka majini, na kwa nguvu hiyo huvuta virutubisho na kuvipeleka kwenye majani. Oksijeni ikipungua, mzizi huchoka, ncha zake hufa, na majani hunyauka saa za mchana ingawa beseni limejaa maji. Mkulima asiyejua sababu hudhani mmea una kiu, akaongeza maji hadi juu, na kwa kufanya hivyo akaizamisha hata ile mizizi michache iliyokuwa ikipata hewa.

Joto huzidisha tatizo. Maji safi yenye nyuzi 20 za Selsiasi huweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni katika kila lita. Yakifika nyuzi 30, kiasi hicho hushuka hadi miligramu 7 na nusu hivi. Wakati huo huo, mzizi ulio katika maji ya moto hupumua kwa kasi zaidi, kwa hiyo hudai hewa nyingi pale pale ambapo hewa imepungua. Katika maeneo ya Pwani na mengineyo ya tambarare, ndoo nyeusi iliyoachwa juani mwezi wa Januari au Februari huwa na maji ya uvuguvugu kabla ya adhuhuri. Hapo ndipo magonjwa ya mizizi huanzia.

Adui aishiye majini

Ugonjwa mashuhuri wa mizizi katika kilimo hiki huletwa na viumbe vidogo vinavyofanana na kuvu, ambavyo wataalamu huviita pithiamu. Vijidudu hivi vimeumbwa kwa ajili ya maji. Chembe zao za uzazi zina mikia, nazo huogelea kutoka mzizi hadi mzizi; kwa sababu hiyo, mmea mmoja ukiugua ndani ya beseni moja, jirani zake wote wamo hatarini. Zipo aina zinazopenda baridi na zipo zinazopenda joto kali, na zile zipendazo joto ndizo zinazomhusu zaidi mkulima wa nyanda za chini.

Mzizi wenye afya huwa mweupe au wa rangi ya maziwa, ni mgumu kiasi, na hunukia kama udongo uliolowa au hauna harufu kabisa. Mzizi mgonjwa huwa wa kahawia, huteleza kwa utelezi kama wa bamia, na hutoa harufu ya uvundo. Ukivutwa taratibu kwa vidole, ngozi yake ya nje huvuka na kubaki uzi mwembamba katikati. Rangi peke yake si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa baadhi ya virutubisho huipaka mizizi rangi ya manjano au hudhurungi bila ya kuidhuru. Harufu, utelezi na kuvuka kwa ngozi ndizo dalili za kutegemea.

Pithiamu hushambulia kwa urahisi mizizi iliyokwisha kudhoofika, na bakteria waharibifu hufurahia mizizi iliyokufa. Kila mmea, hata ulio mzima, huangusha vijizizi vikuukuu. Shambani vijizizi hivyo huozea udongoni, vikaliwa na wadudu na bakteria, na hakuna aonaye. Ndani ya beseni hakuna udongo wa kuvimeza. Hujikusanya chini, huwa tope laini, hula oksijeni vinapooza, na kuwa makazi ya vijidudu. Taka hizo ndizo zinazovileta vimeng'enya katika mazungumzo haya.

Kimeng'enya ni nini

Kimeng'enya ni protini inayotengenezwa na kiumbe hai ili kuharakisha mabadiliko fulani ya kikemia. Mate ya mwanadamu yana kimeng'enya kinachoanza kuigeuza wanga kuwa sukari. Ndiyo maana ugali ukitafunwa muda mrefu huanza kuwa mtamu. Kila kimeng'enya kina kazi yake mahususi. Amilasi huvunja wanga, proteasi huvunja protini, lipasi huvunja mafuta, na selulasi huvunja selulosi, ambayo ni nyuzi zinazojenga kuta za chembe za mimea. Vipo pia hemiselulasi na pektinasi, vinavyoyeyusha vitu vinavyozishikamanisha nyuzi hizo.

Mizizi iliyokufa imejengwa kwa selulosi, hemiselulosi na pektini. Vimeng'enya vitatu vya mwisho vikitiwa katika beseni, huivunjavunja mizizi hiyo kuwa sukari ndogo ndogo zinazoyeyuka majini. Tope hupungua na vijidudu hupoteza makazi yao. Hivyo ndivyo kimeng'enya kinavyofagia.

Lakini sukari iliyotokana na kazi hiyo haipotei. Huliwa na bakteria waliomo majini, nao wanapoila hutumia oksijeni. Kukiwa na hewa ya kutosha, bakteria wasio na madhara huimaliza sukari na mambo huenda sawa. Kusipokuwa na hewa, kufagia huko kunaweza kuongeza uvundo uliokusudiwa kuondolewa. Basi kimeng'enya hakiwezi kushika nafasi ya hewa. Hufanya kazi pale hewa ilipokwisha kupatikana.

Kwa nini vya bwawani

Wafugaji wa samaki wa mapambo, wakiwemo wale wanaofuga koi wa asili ya Japani, wamekuwa wakitumia kwa muda mrefu mchanganyiko wa vimeng'enya na bakteria ili kuyeyusha majani, kinyesi na mabaki ya chakula vinavyozama mabwawani. Wapenzi wa haidroponiki huko Marekani na kwingineko walipozilinganisha chupa hizo na zile zinazouzwa kwa ajili ya mizizi, waliona kwamba baadhi ya vimeng'enya vilivyoandikwa ni vile vile, ilhali bei zilitofautiana sana. Chupa ya haidroponiki huwa ndogo na huuzwa kwa mtu mwenye mimea michache. Chupa ya bwawa hupimwa kwa mtu mwenye maelfu ya lita.

Tuseme kibandiko kinaelekeza mililita 100 kwa kila lita 1,000 za maji, mara moja kwa wiki. Kikundi chenye ndoo kumi za lita 20 kina maji ya lita 200 tu, hivyo kitahitaji mililita 20 kwa wiki. Chupa ya lita moja ingekitosha kikundi hicho kwa wiki 50. Hapo unafuu unaonekana wazi. Hata hivyo, chupa iliyokwisha kufunguliwa na kukaa karibu mwaka mzima katika chumba chenye joto hupoteza nguvu, kwa sababu protini huharibika. Kwa hiyo ni busara zaidi vikundi viwili au vitatu vya jirani kununua chupa moja kwa ubia na kuimaliza mapema, kuliko kila kikundi kununua yake na kuiacha dirishani.

Kusoma kibandiko

Si kila chupa iliyochorwa samaki inafaa kwa saladi. Kabla ya kununua, mkulima ayatazame mambo manne.

La kwanza ni majina ya vimeng'enya. Bidhaa nyingi za mabwawa zimetengenezwa kwa ajili ya kinyesi na chakula cha samaki, hivyo huwa na proteasi, lipasi na amilasi kwa wingi. Hizo hazina kazi kubwa kwenye mizizi. Anayetafuta mfagiaji wa mizizi atafute selulasi, na ikiwezekana hemiselulasi na pektinasi. Kibandiko kinachosema “vimeng'enya” tu bila ya kuvitaja hakimwambii mnunuzi kitu.

La pili ni vitu vilivyoongezwa. Baadhi ya bidhaa za mabwawa hutiwa dawa ya kuua mwani wa kijani, na miongoni mwa dawa hizo zipo zenye shaba. Mmea huhitaji shaba kwa kiasi kidogo mno. Ikizidi huunguza mizizi. Nyingine hutiwa chumvi au rangi ya kuyapendezesha maji. Zote hizo zisiingie katika beseni la mboga.

La tatu ni matumizi yaliyokusudiwa. Zipo poda za kupunguza ujazo wa vyoo na mashimo ya maji taka, nazo pia hujisifu kuwa na bakteria na vimeng'enya, na huweza kuwa rahisi kuliko zote. Poda hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya chakula. Saladi huliwa mbichi, na mara nyingi huliwa na watoto. Kitu kilichokusudiwa chooni kibaki chooni.

La nne ni madai ya tiba. Bidhaa inayojinadi kuwa inaua ugonjwa wa mimea inahesabika kuwa kiuatilifu, na viuatilifu vinapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao yake Arusha. Muuzaji akisema chupa yake inaua pithiamu, aulizwe usajili wake. Akikosa jibu, mnunuzi asisite kuondoka na fedha zake.

Ipo pia tofauti kati ya kimeng'enya na bakteria ambayo muuzaji huweza asiieleze. Kimeng'enya si kiumbe hai. Kikimaliza muda wake huharibika, na hakizai kingine. Bakteria ni hai, na wakipata mazingira mazuri huzaliana na kutengeneza vimeng'enya vyao wenyewe. Bidhaa nyingi za mabwawa zina bakteria wa jamii ya basilasi, na baadhi ya jamaa za bakteria hao hutumika katika kilimo kuzuia magonjwa ya mizizi kwa kuyawahi makazi kabla ya adui. Lakini aina moja si sawa na nyingine, na bakteria mzuri wa kula tope la bwawa halazimiki kuwa mlinzi wa mizizi.

Kipimo na mwenendo

Kosa la kawaida ni kutumia kifuniko cha chupa kama kipimo. Kifuniko kinachofaa bwawa ni mafuriko kwa ndoo. Kwa mfano uliotangulia, ndoo ya lita 20 inahitaji mililita 2 tu. Kiasi hicho hupimwa kwa bomba la sindano lililoondolewa sindano yake, ambalo hupatikana katika duka lolote la dawa. Kuzidisha hakuharakishi kazi. Hulisha bakteria kupita kiasi, maji yakawa na povu na ukungu.

Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi kwa siku nzima kabla ya kutiwa vimeng'enya, kwa kuwa klorini huharibu vimeng'enya na kuua bakteria. Kwa sababu hiyo hiyo, asiyejua hutupa fedha anapotia vimeng'enya leo na kesho yake akamimina dawa ya kung'arisha nguo au haidrojeni peroksaidi ili “kuua vijidudu”. Dawa hizo na vimeng'enya havikai chungu kimoja. Klorini ina mahali pake: baada ya mavuno, beseni likiwa tupu. Hapo mabaki ya mizizi huondolewa, chombo husuguliwa, hulowekwa kwa maji yenye klorini, husuuzwa mara kadhaa na kuanikwa juani hadi kikauke. Ndipo zamu nyingine huanza.

Uchachu wa maji nao una sehemu yake. Mboga nyingi za majani hustawi pale pH iwapo kati ya 5.5 na 6.5, na selulasi nyingi hufanya kazi vizuri katika uchachu huo huo. Ni vyema kupima tena siku moja baada ya kutia bidhaa mpya ili kuhakikisha kuwa haikuyageuza maji.

Wapo wanaojaribu kutengeneza “vimeng'enya” nyumbani kwa kuchachusha maganda ya matunda na sukari kwa miezi kadhaa. Kinachopatikana mwishoni ni maji makali yanayokaribia siki, yenye sukari iliyobaki na vijidudu visivyojulikana idadi. Yanaweza kusaidia kusafishia sakafu. Ndani ya beseni la mizizi hushusha pH ghafla na kuwapa bakteria karamu. Afadhali kutotia kitu kuliko kutia hicho.

Yapasayo kutangulia

Mkulima akiulizwa lipi la kununua kwanza, jibu si chupa. Mambo yafuatayo hugharimu kidogo au hayagharimu kitu, na kila moja lina nguvu kuliko kimeng'enya.

Kivuli ndicho cha kwanza. Paa la makuti au wavu wa kivuli huzuia jua la adhuhuri. Ndoo ipakwe rangi nyeupe kwa nje, au ifukiwe nusu yake ardhini ambako kuna ubaridi. Chombo kikubwa huchelewa kupata joto kuliko kidogo. Kwa hiyo beseni moja la lita 60 ni salama kuliko ndoo tatu za lita 20. Siku za joto kali, chupa ya maji yaliyogandishwa, ikiwa imefungwa vizuri, huweza kuelea ndani yake.

Giza ndilo la pili. Mwanga ukipenya majini huotesha mwani wa kijani, ambao hula virutubisho na ukifa huongeza tope. Chombo kisipitishe mwanga, na mashimo yasiyo na mmea yafunikwe. Kufunika huko kuna faida nyingine kwa kata nzima: maji yaliyosimama wazi ni mazalia ya mbu, na bustani ya kisasa isigeuke kuwa chanzo cha malaria na dengi kwa majirani.

Hewa ndiyo ya tatu. Penye umeme wa uhakika, pampu ndogo kama ile ya tangi la samaki hutosha beseni kadhaa. Pasipo na umeme, ipo njia iliyoenezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, isiyotumia pampu kabisa. Maji hujazwa mara moja, na kadiri mmea unavyoyanywa, nafasi ya hewa yenye unyevu huongezeka kati ya kifuniko na maji. Mizizi ya juu hupumua katika nafasi hiyo, ya chini ikaendelea kunywa. Sharti lake moja ni kwamba maji yakiongezwa yasipandishwe hadi kuifunika mizizi ya hewani.

La nne ni uondoaji wa mapema. Mmea ulioonyesha dalili zote tatu za ugonjwa hautibiwi. Hung'olewa, hufukiwa au kuchomwa mbali na bustani, mikono ikaoshwa, maji yakabadilishwa. Kumhurumia mmoja ni kuwahukumu kumi.

Jaribio la mabeseni matatu

Kabla kikundi hakijatoa fedha kwa ajili ya bustani nzima, inawezekana kuupata ukweli kwa mabeseni matatu na wiki tano. Miche itoke katika kitalu kimoja, ihamishwe siku moja, idadi iwe sawa, na virutubisho viwe vya kipimo kimoja. Beseni la kwanza liachwe kama ilivyo desturi ya kikundi. La pili lipewe kivuli, giza na hewa. La tatu lipewe hayo yote pamoja na vimeng'enya kwa kipimo cha kibandiko.

Kila wiki, siku ile ile, mizizi itazamwe, inuswe na kuandikwa hali yake. Joto la maji lipimwe saa nane mchana. Siku ya mavuno, mboga za kila beseni zipimwe kwenye mizani kando kando. Tofauti kati ya beseni la kwanza na la pili itaonyesha thamani ya kivuli na hewa. Tofauti kati ya la pili na la tatu ndiyo thamani halisi ya chupa, bila ya sifa za muuzaji. Ikiwa la tatu limezidi kwa kiasi kinacholipa bei ya chupa, kikundi kinunue kwa moyo mkunjufu. Ikiwa mabeseni hayo mawili yamelingana, fedha hizo zitafaa zaidi kununulia wavu wa kivuli au pampu ya pili.

Jaribio hilo lirudiwe wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, kwa sababu kinachosaidia msimu wa joto huenda kisionekane msimu wa baridi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la mabeseni matatu ni hazina ya kikundi, na huweza kuonyeshwa kwa maafisa wanapokuja kukagua maendeleo ya mradi uliokopeshwa.

Afya ya mlaji na ya jirani

Jina la “vimeng'enya vya bwawa” limewahi kueleweka kana kwamba ni maji ya bwawani. Sivyo kabisa. Maji ya bwawa, ya mto au ya dimbwi huweza kubeba vijidudu vya kuhara na vimelea vya kichocho, na huweza kuleta pithiamu yenyewe. Mboga za kuliwa mbichi zioteshwe kwa maji yanayofaa kunywewa, na zioshwe vizuri kabla ya kupelekwa sokoni au mezani.

Maji yaliyokwisha kutumika bado yana naitreti na fosfeti. Yakimwagwa kisimani au mtoni huotesha magugumaji na kuyachafua maji ya wengine. Yakimwagwa kwenye migomba, mahindi au miti ya matunda, huwa mbolea. Mkulima asiye na shamba amgawie jirani mwenye migomba. Hivyo taka huwa zawadi.

Ndugu wakazi wa kata, vimeng'enya vya bwawani vinaweza kuwa msaada wa bei nafuu kwa yule aliyekwisha kuwapa mimea wake kivuli, giza, hewa na usafi. Huondoa mizizi iliyokufa ili iliyo hai ipate nafasi. Haviyapozi maji, havileti oksijeni, wala haviufufui mmea uliooza. Kikundi kinachokopa kwa ajili ya bustani kiyaweke hayo manne ya kwanza katika mchanganuo wa mradi, na chupa iandikwe mwisho, baada ya jaribio.

Mwenye beseni linalonuka leo asingoje mkutano mwingine. Achukue mmea mmoja mgonjwa ukiwa na mizizi yake, aufunge ndani ya mfuko wa plastiki, na kuupeleka kwa Afisa Ugani wa kata pamoja na kibandiko cha kila kitu alichokitia majini. Kikundi kinachotaka kuelewa masharti ya mikopo kimwone Afisa Maendeleo ya Jamii. Ofisi ya Mtendaji wa Kata itawaelekeza wasiojua pa kuanzia.